Fleti ya Leicester iandikwe kwa jina la nani? Kisa cha wazazi wa Mombasa na kodi za nyumba Uingereza

Mume na mke wakazi wa Mombasa, wote wawili raia wa Kenya, wana binti wa miaka 20 anayesoma chuo kikuu mjini Leicester tangu Septemba 2024. Baada ya kulipa bweni kwa mwaka mzima waliona kwamba pango la miaka mitatu litamezwa bure, wakauza kiwanja chao cha Kilifi, na wakapata fleti ya vyumba viwili kwa pauni 240,000, fedha taslimu, bila mkopo wa benki. Siku ya kukamilisha ununuzi ilipangwa iwe tarehe 5 Septemba 2025. Kisa hiki nimekitunga kwa kuunganisha hali zinazozikuta familia nyingi za Afrika Mashariki zenye watoto wanaosoma huko, na hesabu zake zinafuata sheria ya England ilivyokuwa siku hiyo.

Wazazi walitaka hati ya nyumba iwe na majina matatu: la baba, la mama na la binti. Sababu zao zinaeleweka na kila mzazi wa huku. Fedha ni zao, binti bado mdogo, kesho anaweza kuolewa na ndoa ikavunjika, na nyumbani wapo ndugu zake wawili ambao nao wana haki ya kuuliza kwa nini kiwanja cha familia kimegeuka fleti ya mtu mmoja. Jina la baba likiwemo, walidhani, kila mtu atalala salama. Walichokuwa hawajakijua ni kwamba usalama huo ungewagharimu pauni 19,100 siku ya kwanza, zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya, kabla hata kitanda hakijaingia ndani.

Hesabu yenyewe ni hii. Kodi kuu anayoilipa mnunuzi wa nyumba England ni ushuru wa stempu wa ardhi, unaotozwa kwa ngazi. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 pauni 125,000 za mwanzo hazitozwi chochote, sehemu inayofuata hadi 250,000 hutozwa asilimia 2, na kutoka hapo hadi 925,000 ni asilimia 5. Kwa fleti ya 240,000, mnunuzi wa kawaida angelipa pauni 2,300 tu. Juu ya ngazi hizo kuna nyongeza mbili, na wazazi hawa walikuwa wanaangukia zote mbili.

Nyongeza ya kwanza ni ya mtu ambaye, ikifika jioni ya siku ya ununuzi, atakuwa na nyumba zaidi ya moja. Ilikuwa asilimia 3, ikapandishwa kuwa asilimia 5 tarehe 31 Oktoba 2024, na inatozwa kwa bei yote ya nyumba, zikiwemo zile pauni 125,000 ambazo wengine hawazilipii kitu. Hapa ndipo wanunuzi wengi kutoka nje hujikwaa, kwa sababu wanadhani nyumba nyingine inayohesabiwa ni ile iliyopo Uingereza. Sheria inahesabu nyumba popote duniani, almradi sehemu ya mtu katika nyumba hiyo ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi. Nyumba ya Nyali wanamoishi wazazi hawa inavuka kiasi hicho kwa mbali, kwa hiyo fleti ya Leicester ni nyumba yao ya pili machoni pa HMRC, mamlaka ya mapato ya huko. Ipo nafuu kwa anayebadilisha makazi yake makuu, lakini wao hawahami Nyali, na nafuu hiyo haiwahusu. Asilimia 5 ya 240,000 ni pauni 12,000.

Nyongeza ya pili ni asilimia 2 kwa mnunuzi asiye mkazi, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2021. Watu huiita kodi ya wageni, na jina hilo linapotosha, kwa kuwa pasipoti haiulizwi kabisa. Kinachoulizwa ni kama mnunuzi amekuwapo Uingereza kwa siku 183 au zaidi katika miezi 12 iliyotangulia ununuzi. Mwingereza aliyezaliwa Leicester lakini anafanya kazi Mombasa hulipa nyongeza hiyo, na Mkenya aliyekaa London mwaka mzima hailipi. Kipimo hiki ni cha ushuru huu peke yake, tofauti na kile kinachotumika kuamua ukazi wa mtu kwa kodi ya mapato, na ni vyema kutovichanganya. Wazazi hawakuwa wamekanyaga Uingereza kwa zaidi ya majuma mawili mwaka huo. Asilimia 2 nyingine ni pauni 4,800. Jumla ya 2,300, 12,000 na 4,800 ni 19,100.

Jambo lililowashangaza zaidi ni kwamba kuwemo kwa binti katika hati hakupunguzi hata senti. Wanunuzi wakiwa zaidi ya mmoja, inatosha mmoja wao kuangukia nyongeza ili nyongeza hiyo itozwe kwa bei yote, si kwa fungu lake. Baba angeweza kuandikiwa asilimia moja ya nyumba, akaacha 99 kwa binti, na bado ushuru ungekuwa ule ule. Ipo ahueni kwa mke na mume wanaoishi pamoja, ambapo mmoja akiwa mkazi wa Uingereza wote wawili huhesabiwa wakazi kwa ile asilimia 2, lakini ahueni hiyo haimhusu mzazi na mwanawe.

Sasa tumtazame binti peke yake. Aliingia Uingereza tarehe 15 Septemba 2024, akarudi Mombasa tarehe 14 Desemba kwa likizo, akaingia tena tarehe 6 Januari na kukaa hadi tarehe 20 Juni 2025. Siku huhesabiwa kwa mahali mtu alipo usiku wa manane, na kwa kipimo hicho ana siku 90 za kipindi cha kwanza na 165 za kipindi cha pili, jumla 255, ambazo zinavuka 183 bila wasiwasi. Mihuri ya pasipoti na tiketi za ndege zinathibitisha, na nilishauri ziwekwe kwenye faili moja pamoja na barua ya chuo. Nyongeza ya asilimia 2 haimgusi. Nyongeza ya asilimia 5 haimgusi pia, kwa kuwa hana nyumba nyingine. Nyumba ya wazazi haihesabiwi kuwa yake maadamu ametimiza miaka 18. Angekuwa chini ya umri huo, wazazi wangehesabiwa kana kwamba wananunua wao.

Zaidi ya hapo, anaweza kuingia katika msamaha wa mnunuzi wa mara ya kwanza, ambao tangu Aprili 2025 unafuta ushuru wote hadi pauni 300,000 kwa nyumba isiyozidi 500,000. Kwa fleti hii, ushuru wake ungekuwa sifuri. Masharti ni mawili, na yote yanahitaji kuchunguzwa kwa macho makavu.

La kwanza, asiwe amewahi kumiliki nyumba popote duniani, hata kwa urithi. Hili ni sharti ambalo familia za pwani hulivunja pasipo kujua, maana desturi ya kuwaandikia watoto mali mapema imeenea sana. Ploti tupu haina neno, kwa kuwa si nyumba. Lakini fungu katika nyumba ya marehemu babu huko Mji wa Kale, likiwa limeshagawanywa na kuandikwa kwa jina la mtoto, linatosha kuuondoa msamaha wote hata kama ni chumba kimoja kibovu kisichokaliwa na mtu. Katika kisa hiki baba alikuwa na nia, mwezi Julai, ya kumhamishia binti fleti ndogo anayoikodisha Bamburi, ili kila mtoto awe na chake kabla umri haujamtupa mkono. Karatasi zilikuwa tayari kwa wakili. Kama zingetiwa saini mwezi huo, msamaha ungekwisha, na nyongeza ya asilimia 5 nayo ingeingia kwa sababu fleti ya Bamburi ina thamani inayozidi pauni 40,000: jumla 14,300, kwa ajili ya jambo ambalo lingeweza kabisa kungoja hadi Oktoba.

Sharti la pili ni kwamba awe na nia ya kuishi katika fleti hiyo kama makazi yake pekee au makuu. Kwa mwanafunzi wa kutoka nje hili ndilo eneo laini zaidi la kisa kizima, na sikubaliani na wale wanaolipita haraka. Makazi makuu ni suala la hali halisi: analala wapi siku nyingi za mwaka, barua za benki na za chuo zinakwenda wapi, daktari wake yuko mji gani, vitu vyake viko wapi. Binti huyu atakaa Leicester karibu miezi tisa kila mwaka kwa miaka miwili iliyobaki, na anatarajia kutafuta kazi huko baada ya kuhitimu. Hali hiyo inabeba dai lake vizuri. Angekuwa amebakiza muhula mmoja na tiketi ya kurudi mkononi, nisingeshauri adai. Na hata HMRC ingelikataa dai hilo, angerudi kwenye ngazi za kawaida na kulipa pauni 2,300 pamoja na riba, ambazo bado ziko mbali sana na 19,100.

Tarehe nazo zilimsaidia. Wazazi wengi hununua kabla mtoto hajapanda ndege, ili akifika akute mahali pa kulala. Kama fleti ingenunuliwa Oktoba 2024, binti angekuwa na majuma machache tu Uingereza, na ingebidi alipe ile asilimia 2, pauni 4,800, kisha aombe zirudishwe baada ya kutimiza siku 183 ndani ya kipindi cha siku 365 mfululizo kinachoweza kuvuka siku ya ununuzi. Ombi hilo hupokelewa ndani ya miaka miwili tangu ununuzi, na fedha hurudi, lakini lazima mtu alipe kwanza na akumbuke kuomba.

Basi uamuzi wa kodi ulikuwa wazi: hati iwe na jina la binti peke yake. Uamuzi wa familia haukuwa wazi hata kidogo, na hapo ndipo mazungumzo yalipochukua muda. Pendekezo la kwanza la baba lilikuwa kwamba binti aandikwe kwa nje, kisha kwa ndani wasaini karatasi inayosema nyumba ni ya wazazi. Hilo halifai. Sheria ya ushuru huu inamtazama mwenye mali kwa hakika, na mtu anayeshikilia hati kwa niaba ya mwingine huhesabiwa kama hayupo. Wazazi ndio wangekuwa wanunuzi na pauni 19,100 zingerudi mezani. Karatasi ya namna hiyo ikifichwa, fomu ya ushuru iliyopelekwa HMRC inakuwa ya uongo, na mwenye kubeba lawama ni binti aliyeitia saini, kijana anayeishi huko kwa viza ya masomo.

Pendekezo la pili lilikuwa hiba. Fedha zinakuwa za binti, nyumba ni yake, mjadala umekwisha. Kwa kodi ya mirathi ya Uingereza, hiba ya fedha zilizoko Kenya kutoka kwa wazazi ambao hawajawahi kuishi Uingereza iko nje ya mipaka ya kodi hiyo, ila fedha zitoke akaunti ya Mombasa moja kwa moja. Zikipitia kwanza akaunti ya baba iliyoko London, zinakuwa mali ya Uingereza siku zinapotolewa, na hesabu ya miaka saba huanza, yaani mtoaji akifariki kabla haijaisha hiba hiyo inaweza kuingizwa katika kodi ya mirathi. Lakini hiba haikujibu swali la ndugu wawili waliobaki nyumbani, wala la ndoa.

Njia iliyochaguliwa ni mkopo: wazazi wanamkopesha binti pauni 240,000 bila riba, kwa hati iliyotiwa saini na mashahidi, na deni linasajiliwa kama rehani juu ya fleti katika masjala ya ardhi. Mkopeshaji si mmiliki, kwa hiyo ushuru haubadiliki. Fleti haiwezi kuuzwa bila deni kulipwa, na akija mume na ndoa ikavunjika, kinachogawanywa ni kile kinachobaki baada ya deni. Kwa familia ya Kiislamu mkopo usio na riba si jambo la kubuniwa kwa ajili ya wakili, na mzazi akifariki deni ni sehemu ya mali yake, likiingia kwenye mirathi ya watoto wote. Ukosefu wa riba una faida nyingine ya kikodi: riba inayolipwa kutoka Uingereza kwa mkopeshaji aliye nje kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 20 kabla ya kutumwa.

Mkopo huu una upande wake wa gharama, ambao mawakili wengi huusahau. Tangu Aprili 2017, mkopo uliotolewa kununulia nyumba ya kuishi Uingereza huhesabiwa, kwa upande wa mkopeshaji, kuwa mali iliyo ndani ya kodi ya mirathi ya nchi hiyo, hata kama mkopeshaji anaishi Mombasa. Kodi hiyo ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000 kwa kila mtu. Wazazi wamekopesha 120,000 kila mmoja na hawana mali nyingine huko, kwa hiyo haiwagusi. Aliyekopesha milioni moja peke yake angekuwa na mazungumzo mengine.

Wakili wa Leicester aliyeshughulikia uhamisho alitaka kujua fedha zimetoka wapi, kama sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inavyomtaka: mkataba wa kuuza kiwanja cha Kilifi, taarifa za benki, uthibitisho kwamba kodi ya mauzo hayo imelipwa Kenya. Alituma pia barua ya kawaida ambayo wazazi husaini wakikiri kwamba fedha ni zawadi na hawatadai kitu. Barua hiyo haikupaswa kusainiwa, na haikusainiwa, kwa kuwa fedha zilikuwa mkopo. Mtu hawezi kutamka hiba kwa wakili na mkopo kwa masjala ya ardhi. Fomu ya ushuru ilipelekwa ndani ya siku 14 tangu kukamilisha ununuzi, muda ambao ukipita faini huanzia pauni 100. Fomu ni lazima hata pale ushuru ni sifuri, maana bila cheti chake masjala haiandikishi mmiliki mpya.

Gharama za kila mwaka ni nyepesi zaidi. Kodi ya halmashauri haitozwi maadamu wakazi wote wa fleti ni wanafunzi wa muda wote. Chumba cha pili anakaa mwanafunzi mwenzake anayelipa pauni 550 kwa mwezi, yaani 6,600 kwa mwaka, na kwa kuwa mwenye nyumba anaishi humo humo, mapato ya chumba hadi pauni 7,500 kwa mwaka hayatozwi kodi. Pango hilo hilo lingeingia kwa wazazi kama wamiliki walio nje, wakala wa nyumba angelazimika kukata asilimia 20 baada ya gharama na kuipeleka HMRC, isipokuwa wazazi wawe wameomba na kukubaliwa kupokea pango bila makato. Mwishoni huenda wasingedaiwa kitu, kwa sababu mkataba wa kodi kati ya Kenya na Uingereza unawapa wakazi wa Kenya kiasi kisichotozwa cha pauni 12,570 kwa mwaka. Msomaji wa Tanzania asilichukue hilo kuwa lake, kwani Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Uingereza.

Ndugu mmoja wa familia alishauri wahamie Glasgow, akisema Uskoti haina nyongeza ya wasio wakazi. Ni kweli haina, lakini nyongeza ya nyumba ya pili huko ni asilimia 8 tangu Desemba 2024. Wazazi wangelipa 1,900 za kawaida na 19,200 za nyongeza, jumla 21,100. Kuhusu kununua kwa kampuni, ambako wazee wengi bado hukuamini, kampuni inayomilikiwa na wasio wakazi kama wao hulipa nyongeza zote mbili, na tangu 2017 haifichi tena nyumba mbele ya kodi ya mirathi.

Lililobaki ni siku ya kuuza. Tuseme fleti inauzwa mwaka 2029 kwa pauni 276,000. Wazazi wangekuwa wamiliki, faida ingekuwa 36,000, ila ushuru wa stempu waliolipa unaruhusiwa kutolewa kama gharama, ikabaki 16,900. Kila mmoja ana 8,450, anatoa 3,000 zisizotozwa, na kwa asilimia 18 analipa pauni 981. Binti, akiwa ameishi humo muda wote, halipi kodi ya faida. Lakini akiwa ameshahamia Mombasa siku hiyo, atapaswa kutoa taarifa ya mauzo kwa HMRC ndani ya siku 60 hata kama hadaiwi kitu, na wakili wa mauzo huenda asimkumbushe.

Jambo moja halikuwa la kodi, na lilifanywa wiki ile ile: binti aliandika wasia wa England. Urithi wa nyumba iliyoko huko hufuata sheria ya huko, na asiye na mume wala mtoto akifariki bila wasia, mali hiyo huenda kwa wazazi wote wawili sawa kwa sawa. Familia ilitaka mafungu ya Kiislamu, kwa hiyo yakaandikwa kwa majina na sehemu, likatajwa na deni la wazazi, na nakala ikabaki kwa wakili mjini Leicester.